Orodha ya Watema Mate

Mume wangu alikuwa akitemea mpira. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda. Hakuutemea kwa bahati mbaya, kama mtu aliyepigwa na chafya. Aliutemea makusudi, mbele za watu, na kwa ajili ya mate hayo akatolewa kwenye kiwanda cha chuma cha hapa kwetu akapelekwa ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Alikaa huko siku arobaini na moja za mwaka 1919. Alirusha katika michezo saba, akashinda mitatu. Wapo watu ambao mpaka leo, wakinikuta mlangoni pa kanisa, huvua kofia kana kwamba mimi ni mjane wa jenerali. Wangekuwa ndio waliofua mashati yake wasingevua kitu.

Jina lake Mahlon Kistler. Mimi ni Lovina, ila yeye aliniita Vina. Mashati nayasema kwa sababu nayakumbuka kuliko ushindi. Mkono wa kulia, kutoka kwenye kiwiko kwenda chini, ulikuwa mgumu kama uliopakwa gundi, maana ndipo alipofutia kidevu. Nililiweka shati peke yake kwenye beseni, nikalimwagia maji ya moto na sabuni ya majivu, nikalichochea kwa mwiko wa mti bila kuligusa.

Namna yenyewe ilikuwa hii. Mrushaji hutafuna gome la mti wa elmu, lile la ndani, ambalo bibi zetu walilichemsha kutibu koo. Likitafunwa hutoa ute mzito wa kuvutika. Anauficha mdomo nyuma ya glovu, anaulowesha mpira sehemu moja, kisha anarusha. Mpira mkavu huzunguka ukiwa hewani, huu hauzunguki. Unakuja umetulia, mpigaji anauona mkubwa na mwepesi, ananyanyua gongo lake, na hapo hapo mpira unazama. Anapiga hewa. Waliokuwa wakinieleza habari hizi walizieleza macho yakiwang'aa. Mimi nilichosikia ni mate tu.

Na mtu asinifundishe habari za mate. Mama yangu alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1911. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na kazi yangu ilikuwa kopo. Aliyewahi kuuguza kifua kikuu anajua ni kopo gani ninalolisema: la bati, lenye mfuniko, la kutemea. Asubuhi na jioni nilikwenda nalo nyuma ya zizi nikayachoma yaliyomo. Kisha bwana afya akaja na nyundo yake, akapigilia kadi mlangoni petu, na jina la mama akaliandika katika orodha iliyobandikwa nje ya ofisi yake, ili majirani wazijue nyumba za kuepuka. Wakazijua. Kwenye chakula cha kanisa pai zangu zilirudi nyumbani hazijakatwa. Mwaka mzima baada ya mama kuzikwa, bado zilirudi nzima.

Mtu wa kwanza kuzikata alikuwa Mahlon. Ilikuwa pikiniki ya shule ya Jumapili, chini kwenye kijito. Alikuja mezani pangu, mrefu, mwenye masikio makubwa, akala vipande vinne vya pai ya molasi bila kuuliza ya nani. Nilimpenda kwa mikono yake, mikubwa na iliyosuguliwa vizuri mpaka kwenye kucha, mikono ya mtu anayefanya kazi ya masizi na hataki masizi yamfuate mezani. Nikajisemea, huyu ni msafi. Nilikuwa sijamwona uwanjani.

Nilipomwona uwanjani, tulikwisha tangaziwa ndoa. Timu ya kiwanda ilikuwa ikicheza na timu ya wachonga mawe. Nilikaa mbele na kofia mpya. Mahlon akapanda kwenye kilima cha mrushaji, akauleta mpira mdomoni. Nilidhani anaubusu, kwa bahati. Kisha mwanga wa jua ukaupiga uzi wa ute uliobaki kati ya mdomo wake na mpira, nikaondoka, nikatapika nyuma ya gari la farasi la mchungaji.

Nilitaka kuvunja kila kitu. Akaja kwetu jioni ile, akasimama nje ya uzio.

"Vina, ni kazi tu," akasema. "Mchinjaji ana damu, mimi nina mate."

"Mchinjaji haitoi damu mdomoni mwake."

"Basi nikuahidi nini?"

"Tone lisiingie nyumbani kwangu. Hata moja."

Akaahidi, na akaishika ahadi. Miaka yote mitano ya mwanzo, akitoka mazoezini, alisimama barazani na mimi nilisimama mlangoni, nikamwambia maneno yale yale: "Nenda kanawe mdomo kwanza." Akaenda kwenye pampu, akanawa, akasukutua mara tatu, akarudi akafungua mdomo kama farasi anayekaguliwa sokoni. Wakati mwingine alicheka. Mimi sikucheka hata siku moja. Na uwanjani sikukanyaga tena.

Agosti ya mwaka ule wa 1919, mtu aliyevaa suti ya kitani alikuja kutoka mji mkubwa. Timu yake ya ligi kuu ilikuwa na warushaji wawili wenye mikono mibovu na mmoja aliyelewa. Akamtazama Mahlon mchezo mmoja, akamwambia apande treni kesho yake. Habari ilifika kwangu kwa miguu ya Irvin Dreibelbis, mdakaji wa timu ya kiwanda, mtu mnene mwenye vidole vilivyopinda kila upande kwa kudaka mipira ya mume wangu.

"Shemeji! Funga mizigo!" akapiga kelele tangu barabarani. "Mwanaume wako anakwenda kuwatemea wakubwa!"

"Punguza sauti, Irvin."

"Nipunguze? Miaka minane nimeloweshwa na mtu huyu, leo unaniambia nipunguze! Nitaieleza mpaka kaburini, shemeji. Mate haya nimeyajua yakiwa bado madogo!"

Mji mzima ulimsindikiza stesheni. Bendi ya zimamoto ikapiga. Mahlon aliniinamia dirishani akaniambia, "Nitakuandikia," na sote wawili tukajua hataandika. Alitolewa shule akiwa na miaka tisa kuswaga nyumbu kwenye machimbo ya chokaa. Kijerumani chetu cha nyumbani alikisema vizuri, Kiingereza alikisema vya kutosha, lakini karatasi ilimshinda. Barua zake zote nilisoma mimi na kujibu mimi. Aliweka sahihi tu, na mara nyingine hata hiyo niliweka mimi, ili chakula kisipoe.

Nilikwenda kumwona mara moja, Jumamosi ya mwisho wa Septemba, kwa sababu alinitumia tiketi na nauli, na kwa sababu Irvin aliapa atanibeba mgongoni nikikataa. Nilikuta nini? Watu elfu ishirini wanaume, na kila mmoja anatema. Tumbaku ngazini, tumbaku chini ya viti, ukuta wa nyuma una michirizi ya kahawia mpaka kimo cha kiuno. Niliishika sketi yangu kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Bwana mmoja aliyekaa safu ya nyuma yangu alikosa shabaha mara mbili. Kisha Mahlon akatoka, mdogo sana kule katikati, na uwanja ukaanza kuimba kwa pamoja, "Tema! Tema! Tema!" Watu wazima, wenye saa za mfukoni.

Naambiwa siku ile alirusha kama ambavyo watu wachache wamewahi kurusha. Naambiwa mpigaji wao mkubwa, jitu ambalo sura yake ilikuwa kwenye pakiti za sigara, alikuja mara nne, akapiga hewa mara nne, na ya mwisho akaanguka kwa magoti, akamvulia Mahlon kofia. Irvin alilia. Mimi sikuona hata mpira mmoja. Kila alipouinua, nilitazama mdomo. Na alipokwisha kurusha, nilikuwa bado natazama mdomo, kuona kama kuna kilichobaki.

Kwenye treni ya kurudi akakaa karibu nami, ananuka sabuni. Alikuwa amenawa bila kuambiwa.

"Uliuona ule wa mwisho?" akauliza.

"Niliona."

"Uliuonaje?"

"Niliona ulivyofuta kidevu."

Akageukia dirishani. Tulipita mashamba matatu au manne ya mahindi yaliyokwisha vunwa.

"Siku moja utautazama mpira, Vina," akasema. Hakukasirika, na mimi nikafungua kikapu nikamtolea mkate.

Msimu wa ligi ulikwisha kwa mchezo ule, akarudi kiwandani kwa msimu wa baridi. Alibadilika. Aliimba akichota makaa. Alipima kwa hatua uwanja wa nyuma ya zizi, akachora mraba kwa chokaa kwenye mlango wa banda, akarusha mpira pale hata theluji ikianguka. Aliniambia meneja amemshika bega na kumwambia, mwakani wewe ndiye wetu. Hakuwahi kutaka kitu kingine maishani. Mimi nilitaka nyumba yenye choo cha ndani na mume mkavu, lakini niliona jinsi alivyokula na alivyolala, na nilijua kwamba akinyang'anywa hiki hatabaki na kingine.

Februari gazeti likaandika kwa herufi nene kwamba wenye timu wote wamekutana na kuupiga marufuku mpira wa mate. Nilisoma kichwa cha habari na mistari mitano ya kwanza nikiwa nimesimama, nikalikumbatia gazeti. Uchafu, walisema. Hatari kwa afya ya umma, walisema, baada ya homa ile kubwa iliyotuzikisha watu mwaka juzi. Hatimaye, nikasema, mtu fulani mwenye akili. Sikusoma mpaka chini. Nililitumia kufungia soseji.

Jumamosi iliyofuata ikaja barua. Mahlon alikuwa mezani anakula kabichi chachu na nyama ya nguruwe. Niliifungulia sebuleni, kwenye mwanga. Ilikuwa fupi, ya mashine, na ilisema hivi:

*Bwana Kistler. Kwa agizo la ligi tunaandaa orodha ya warushaji wanaotegemea mpira wa mate. Tujulishe kwa posta ya kwanza kama wewe ni mmoja wao. Katibu.*

Basi. Hakuna salamu, hakuna maelezo. Nawalaani mpaka leo waandishi wa barua za namna hiyo, wanaodhani kila mtu amekaa kwenye kikao chao. Nililisoma neno orodha na nikaisikia nyundo ya bwana afya. Niliiona kadi mlangoni. Nilimwona Mahlon amebandikwa nje ya ofisi fulani mjini, jina lake kati ya majina ya wachafu, na watu wanapita wanasoma, kisha wanawafukuza mmoja mmoja kwa kufuata orodha. Hivyo ndivyo orodha zilivyofanya kazi katika ulimwengu nilioujua. Anayeandikwa ndiye anayetengwa.

"Barua ya nani?" Mahlon akauliza kutoka jikoni.

"Ya timu."

"Wanasemaje?"

Alikuwa hatua sita kutoka nilipo. Nilisikia uma wake ukigonga sahani. Ningemsomea ile mistari mitatu, angenieleza, maana Irvin alikwisha mweleza habari zote za gazeti, mpaka chini. Lakini nilijua angejibu ndiyo. Angejibu ndiyo bila haya, na sikutaka neno lile litoke kwenye kalamu yangu.

"Wanauliza hali yako," nikasema.

"Waambie mzima."

"Ndicho ninachowaandikia."

Nikaandika: *Mabwana, mimi si mmoja wao. Nimelelewa katika nyumba safi na kanisa safi, na sijawahi kuutegemea uchafu huo. Mahlon Kistler.* Niliweka sahihi yake. Kwa kawaida stempu huzilowesha kwa kitambaa; siku hiyo, kwa haraka ya kuwahi posta, niliilamba.

Machi akaenda kusini mazoezini. Aprili, siku tatu kabla ligi haijafunguliwa, akarudi amebeba sanduku lake begani. Nilikuwa barazani nasugua sakafu. Hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pampu, akanawa mdomo, akasukutua mara tatu, ingawa hakukuwa na kitu ndani yake, ndipo akaja.

"Wamenirudisha," akasema.

"Kwa nini?"

"Mpira mkavu haunitii. Wananipiga kama mtoto."

"Basi ni kwa wema," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, na nikaingia ndani nikampikia chakula cha sherehe, bata na njugu, kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilikuwa na mume mkavu. Alikula kila nilichomwekea na akasema asante.

Ukweli aliniletea Irvin, mwezi wa Mei, alipokuja kuazima ngazi. Alikaa kwenye kizingiti, akavua kofia, akajipepea.

"Shemeji, nikuulize kitu. Hivi Mahlon ana akili timamu?"

"Kafanya nini?"

"Hajakuambia? Jamani! Kaulizwa na timu yake kama ni mtu wa mate, kajibu hapana! Mtu ambaye nimekausha glovu zake miaka minane juani!"

"Alifanya vizuri kujibu hapana. Si wamepiga marufuku?"

Irvin akanitazama kama ninavyomtazama kuku anayekimbilia kisu.

"Wamepiga marufuku kwa wengine, shemeji. Kila timu imeruhusiwa kuandika wawili. Walioandikwa watatema mpaka wazeeke, hakuna wa kuwagusa. Orodha ni ya ruhusa! Asiyeandikwa ndiye kafungwa mdomo." Akapiga goti lake. "Timu yao walikuwa watatu. Meneja hakulala kwa kuwaza amwache yupi. Wa kwanza fundi mkubwa, huyo haachwi. Wa pili mzee wa miaka thelathini na nane, mgongo umepinda. Alikuwa anaachwa yule mzee, kila mtu anajua. Mara barua ya Mahlon inaingia: mimi si mmoja wao! Wakachekea tumboni. Wakamwandika mzee."

"Lakini walijua," nikasema. "Walimwona. Watu elfu ishirini walimwona."

"Walijua sana! Lakini kajitoa mwenyewe, kwa maandishi. Nani atamlazimisha mtu atemee mpira?"

"Na Mahlon anasemaje?"

"Anasema alikuwa na sababu zake. Sababu gani hizo? Hebu mwulize wewe, mimi kashanifukuza."

Alipoondoka na ngazi, nilibaki pale na kitambaa cha sakafu mkononi. Nilianza na kinyaa. Basi siku ile kiligeuka na kunirudia. Nilijionea kinyaa mimi. Nilizionea kinyaa sakafu zangu nilizozisugua mpaka mbao zikawa nyeupe, na mlango niliosimama miaka mitano nikikagua mdomo wa mtu mzima. Niliwachukia na wale mabwana waliopokea uongo wa wazi, wakaufurahia kwa sababu uliwarahisishia kazi. Lakini wao hawakuwa hatua sita kutoka jikoni.

Jioni, kabla ya chakula, jua bado lipo, nilimsikia nyuma ya zizi. Alikuwa akirusha mpira kwenye mlango wa banda, kwenye ule mraba wa chokaa. Mpira mkavu. Nilikwenda nikasimama pembeni.

"Ile barua niliandika mimi," nikasema.

"Najua." Akaurusha mwingine.

"Unajua tangu lini?"

"Meneja aliitoa mfukoni akanionyesha. Kusoma sijui, Vina, lakini mwandiko wako naujua. Hiyo K yako ina mkia kama kulabu ya jikoni."

"Kwa nini hukumwambia si wewe? Wangekuandika!"

Akaenda kuuokota mpira, akarudi nao polepole, anaugeuzageuza.

"Ningesemaje? Mbele ya wanaume wote wale? Kwamba mke wangu ananionea haya mpaka amenikana kwa kalamu?" Akatingisha kichwa. "Nikasema ndiyo, ni yangu. Bora wanione mjinga."

"Nilidhani ni orodha kama ile ya mama."

"Hilo nalo nililijua. Njia nzima kwenye treni nililijua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza bei ya makaa. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Sikulia. Machozi nayo ni majimaji, na siku ile niliyaonea kinyaa yote yanayotoka kwa mtu. Nilikwenda jikoni nikachukua kisu, nikashuka mpaka kwenye kijito, ambako elmu zake alizokuwa akizichuna bado zilikuwa na makovu meupe. Nikachuna. Nikaondoa gamba la nje, nikaitia mdomoni ile ngozi ya ndani, nikatafuna nikirudi. Nilitegemea uozo. Ilikuwa na utamu hafifu, kama unga mbichi, na kwa hatua kumi tu kinywa changu kilijaa kitu kizito, kinachoshikamana na meno na kuteleza chini ya ulimi. Nikaendelea kutafuna.

Mahlon alikuwa bado pale. Nilimpokonya mpira, nikausogeza mdomoni, nikautemea. Ute mwingi uliangukia mpira, mwingine ukabaki kidevuni mwangu, unaning'inia. Nikamnyooshea.

"Rusha," nikasema. "Nautazama mpira."

Akaupokea. Alitazama ule unyevu chini ya kidole gumba chake, akanitazama mimi, kisha akajipinda kama alivyojipinda kila mara, akarusha.

Niliuona. Ulitoka mkononi mwake bila haraka, haukuzunguka hata kidogo, niliweza kuhesabu nyuzi zake nyekundu. Ukaja juu, umenyooka, kuelekea katikati ya mraba, na hatua mbili kabla ya mlango ukabadili nia. Ulianguka kabisa, bila sababu, ukagonga ubao wa chini karibu na majani. Nilijisikia mwenyewe nikivuta pumzi. Kitu kile kilikuwa kimefanywa mbele yangu mara nne kwa jitu la kwenye pakiti za sigara, na mimi nilikuwa natazama kidevu.

"Mwingine," nikasema. "Mahlon, mwingine. Ninalo gome."

Alikwenda akauokota. Hakuniletea. Aliufuta kwenye suruali yake, upande huu na upande ule, kwa uangalifu, mpaka ukakauka. Kisha akatoa leso yake, ile niliyoipiga pasi asubuhi, akaninyooshea.

"Nenda kanawe mdomo, Vina," akasema, kwa upole kabisa. "Irvin anarudisha ngazi. Asije akakuona hivyo."

Nikaenda. Nilipiga pampu, nikanawa, nikasukutua mara tatu, na ule utamu wa unga haukutoka. Nyuma ya zizi nikamsikia ameanza tena kurusha, mkavu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja uligonga mlango mahali pale pale, moja kwa moja, mahali ambapo mtoto yeyote mwenye gongo angeupiga.